Banda la uani linavuja? Cha kununua kwanza na cha kuacha dukani, kwa sisi wa Mwanza

Wakuu, vuli ikishapiga hodi kila mtu hapa mjini anakumbuka lile banda la nyuma, liwe stoo, jiko la mkaa au la kuku, na madukani wanaanza kukuuzia kopo lolote lenye picha ya paa. Mimi napanga hivi, kutoka cha kununua kwanza mpaka cha mwisho, na naongelea banda, sio nyumba kubwa.

Kabla hujatoa hela ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga mlango, tazama juu. Vitundu vya mwanga vikijipanga kwenye mstari wa papi, zile mbao bati linapopigiliwa, basi shida ni misumari, bati lenyewe bado zima. Mwanga ukitokea kila mahali kama chekeche, bati limekwisha, usilibembeleze. Usipoona mwanga kabisa na chini kumelowa, angalia kofia (bati la kufunika kilele cha paa), maungio, au mlalo, yaani mteremko wa paa, mdogo mno mpaka maji yanarudi nyuma chini ya bati la juu.

Namba moja kwangu ni skrubu za bati zenye washa ya raba. Ndio, kitu kidogo hivyo. Mbao zikikauka zinanywea, upepo wa ziwani unakuja na mvua ya alfajiri unalinyanyua bati na kulishusha, msumari unapanda taratibu, raba yake imeshapasuka kwa jua, maji yanapita. Fundi wa haraka anapanda na nyundo anaugongea uleule urudi chini na wiki mbili baadaye uko juu tena, kwa sababu tundu kwenye papi limeshapanuka. Ng'oa, weka skrubu nene kidogo kuliko msumari uliotoka, na ipigwe kwenye mgongo wa bati, sio bondeni maji yanakopita. Dukani ikunje ile raba kwa kidole, ikionyesha nyufa achana nayo. Papi ikiwa imeoza badilisha papi kwanza, na ulizia mbao zilizotiwa dawa.

Namba mbili, bati jipya. Geji, kipimo cha unene wa bati, inachanganya watu: namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, kwa hiyo geji 32 ndio laini kuliko 30, na 28 ndio gumu zaidi kati ya hizo tatu. Stoo ya kawaida 30 inatosha. Ila kama uko juu milimani, Bugarika au Isamilo huko, upepo unakupiga bila kizuizi, weka 28 na usibanie skrubu za pembeni. Angalia pia umbo: kama la zamani ni migongo midogo usiliunge na la msauzi, lile la migongo mikubwa ya pembe, hayalaliani, utakuwa umenunua uvujaji mpya. Upande kwa upande lalisha migongo miwili kama paa halina mlalo wa kutosha, juu kwa chini sentimita 15 na zaidi, na mdomo wa maungio uelekee kule upepo usikotokea.

Halafu kuna hii hadithi kwamba ziwa ndio linaozesha mabati. Ziwa letu ni maji baridi jamani, chumvi ni shida ya Tanga na Dar. Banda la uani linaliwa kutoka ndani, na moshi wa kuni au mvuke wa mbolea ya kuku, kwa hiyo acha tundu la hewa chini ya paa kabla hujalaumu kiwanda.

Tatu ni felti, ile karatasi nene ya lami inayouzwa kwa roli. Kwenye bati sikushauri hata kidogo. Lakini kama banda lako limefunikwa kwa zege au plaiwudi, basi ruka yote ya juu, hii ndio namba moja yako. Roli nyingi ni mita 1 kwa mita 10, ila ukishalalisha kingo hupati mita za mraba 10 kamili, hesabu hilo kabla hujaenda. Chukua yenye changarawe juu maana lami tupu jua linaipasua. Ya kuchoma kwa gesi inashika vizuri kwenye zege lililokauka na kupakwa praima (mpako wa kwanza wa kushikisha), ila kwenye plaiwudi moto wa wazi ni hatari, tumia ya kupigilia au ya kugundisha. Anzia chini upande wa gata ukipanda juu, kingo zilaliane sentimita 10. Jiko la kuni msiweke, na kama mnakinga maji ya kunywa pia msiweke.

Nne, utepe wa lami wenye foili na silikoni. Ni vya kiraka tu. Utepe unashika kwenye bati kavu lililosuguliwa kwa brashi ya waya, sio juu ya kutu. Silikoni inayonuka siki iache hapo hapo dukani, ile asidi yake inakula zinki ya bati, ulizia isiyo na asidi.

Sasa wale ambao banda limeegemea jiwe, na Mwanza hii ni wengi. Hakuna silikoni itakayoziba kati ya bati na mwamba, jiwe linapata joto na kupoa tofauti na bati, na mvua ikinyesha lile jiwe lote linamwaga maji kwenye paa lako. Punguza bati liishie kabla ya jiwe, mlalo uelekee mbali nalo, na pale katikati jenga mfereji wa zege wa kutoa maji pembeni. Ni hela ya simenti, lakini mnaacha kununua makopo kila mwaka.

Turubai ni la kuvuka wiki, basi.

Onyo moja la maana: paa la zamani la shiti za kijivu nzito zinazofanana na simenti linaweza kuwa asbesto. Usitoboe, usikate, usivunje, vumbi lake ni sumu ya mapafu, tafuta mtu anayejua kuliondoa.

Mkiweza fanyeni kazi Juni mpaka Agosti, mbao zimekauka, mafundi hawajabanwa, na mkinunua bati ongezeni moja la akiba la rangi na umbo lilelile maana mwakani duka linaweza kuwa limeshabadilisha mzigo.