Notsi za migomo ya viwandani Urusi (kurasa 64, Sh. 6,000): zinafaa, ila zishike na kalamu nyekundu

Notsi hizi zinauzwa kwenye steshenari za njia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Ni fotokopi iliyobanwa kwa springi ya plastiki, haina jina la mwandishi, na imeandikwa kwa Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho unachokilipia. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukariri sababu saba za mapinduzi kwa Kiingereza bila kujua mfanyakazi wa Urusi alikuwa anadai nini hasa.

Sura ya Morozov peke yake inarudisha hela. Kiwanda hicho cha nguo huko Orekhovo-Zuevo kilipunguza ujira mara tano kati ya 1882 na 1884, na juu yake kikaweka faini zilizoweza kula robo ya mshahara au zaidi. Faini ziliingia mfukoni mwa tajiri, kwa hiyo kila kasoro kwenye kitambaa ilikuwa faida kwake. Januari 1885 watu wapatao 8,000 waliacha kazi, wakiongozwa na Pyotr Moiseenko na Vasily Volkov. Jeshi liliwazima, lakini kesi ya mwaka uliofuata mjini Vladimir ilikuwa aibu kwa serikali: jopo la raia liliulizwa maswali 101 kuhusu hatia ya washtakiwa, na yote 101 likajibu hapana. Juni 1886 ikatoka sheria: faini isizidi theluthi ya ujira, fedha yake iwahudumie wafanyakazi, na kila mmoja apewe kitabu cha malipo.

Hapo sura hiyo inaishia, na ni kosa. Sheria hiyohiyo iliongeza adhabu kwa wanaochochea migomo. Ukiiruka nusu hii, huwezi kueleza kwa nini ugomvi wa faini uligeuka ugomvi na Tsar. Mgomo ukishakuwa jinai, askari anafika getini kabla meneja hajafungua mdomo.

Tarehe ndizo zitakazomponza mtu kwenye mtihani. Ukurasa mmoja unatumia kalenda ya zamani ya Urusi, unaofuata unatumia yetu, bila kusema. Kwa miaka ya 1800 ongeza siku 12, kwa miaka ya 1900 ongeza 13. Mgomo wa Morozov ulianza tarehe 7 Januari 1885, yaani 19 kwa kalenda yetu. Jumapili ya Damu, siku askari walipowapiga risasi waandamanaji huko Petersburg, ni 9 Januari 1905, yaani 22. Andika zote mbili pembeni mwa ukurasa. La sivyo utajikuta unaeleza Mapinduzi ya Februari yaliyoanza tarehe 8 Machi, na msahihishaji atadhani umechanganyikiwa.

Kosa la pili ni la neno. Yaliyotokea Putilov, kiwanda cha chuma mjini Petrograd (jina la Petersburg wakati huo), tarehe 22 Februari 1917 (kalenda ya zamani) yameitwa "mgomo mkuu". Siku ile uongozi ndio uliofunga mageti na kuwaacha wafanyakazi nje. Kesho yake, Siku ya Wanawake, wanawake wa viwanda vya nguo vya mtaa wa Vyborg mjini humo wakatoka na kudai mkate.

Zubatov, mkuu wa polisi wa siri wa Moscow aliyeanzisha vyama vya wafanyakazi chini ya ulinzi wa polisi, kapewa aya mbili zilizojaa matusi. Matusi sawa, lakini chama cha wafanyakazi cha Padri Gapon kilichipukia hukohuko, na kufukuzwa kwa wanachama wake wanne pale Putilov, Desemba 1904, ndiko kulikowasha mgomo wa Januari 1905 uliozaa Jumapili ya Damu. Mgomo wa Petersburg wa 1896 na sheria ya saa 11 na nusu ya mwaka uliofuata vimeelezwa vizuri, kwa ufupi. Ivanovo-Voznesensk, kulikozaliwa soviet, yaani baraza la wafanyakazi, mwaka 1905, imepata mstari mmoja tu.

Kabla ya kulipa fungua ukurasa wa 41. Jedwali la migomo limetoka jeusi kwenye nakala nyingi, hivyo mwambie muuzaji akutolee upya kutoka nakala mama.