Simu ya pili ya safari: kitochi kilivyoniangusha Japan, na nilichonunua baadaye

Safari yangu ya kwanza kwenda Japan kuangalia magari nilibeba simu mbili: ile kubwa ninayofanyia kazi, na kitochi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Simu kubwa ina sehemu moja tu ya laini, basi humo nitaweka laini ya kule. Kitochi kitabaki na laini ya nyumbani, kipokee meseji za benki na M-Pesa, chaji ikae siku nne, na kikiibiwa sitalia.

Nikapita Addis Ababa, nikapita Incheon, nikatua Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, nikawasha. Hakuna mtandao. Nikazima, nikawasha tena, nikachomoa betri, nikapangusa laini kwenye shati, yale mambo yetu yote. Wapi! Kumbe kitochi kile ni cha 2G, ule mtandao wa zamani wa simu, na Japan walishamalizana na 2G tangu 2012. Hakikuwa kibovu, kilikuwa kinatafuta kitu ambacho hakipo.

Siku mbili za mwanzo sikujali. Kasheshe ilikuja Alhamisi, tukiwa Noda, mkoa wa Chiba, kwenye mnada wa magari wa USS Tokyo. Pale mgeni hununui mwenyewe, unaingia na wakala mwenye uanachama. Wangu ni Mtanzania mwenzetu aliyekaa kule miaka mingi. Gari likapatikana, akaniambia, "Kaka, tuma hela leo, tusicheleweshe." Nikafungua programu ya benki, nikajaza kila kitu, ikanijibu kwamba namba ya uthibitisho imetumwa. Imetumwa wapi? Kwenye laini iliyolala ndani ya kitochi.

Ikabidi niihamishe. Laini yenyewe ni ile ndogo kabisa, kwenye kitochi nilikuwa nimeivalisha fremu ya plastiki, na kipini cha kufungulia trei nimekiacha hotelini. Nikachomoa klipu kwenye karatasi ya mnada, nikainyoosha kwa meno, nikafungua trei nimesimama katikati ya watu. Laini ya Japan nikaitia mfukoni. Sasa nina laini ya nyumbani lakini sina bando, wakala akanirushia hotspot. Namba ya kwanza ikafika imeshapitwa na muda. Ya pili vilevile. Ya tatu ikakubali. Laini ya Japan niliipata usiku, imeganda kwenye peremende.

Niliporudi Dar nikasema simu ya pili sasa nainunua kwa akili. Bei isivuke laki sita. Ishike laini mbili kwa wakati mmoja, moja ya kadi na nyingine eSIM, yaani laini isiyo na kadi, iliyomo ndani ya simu yenyewe, kwa sababu laini ya data ya safari naweza kuinunua nikiwa bado nyumbani. Iwe na 4G yenye masafa ya ninakokwenda. Masafa hayo hupewa namba za bendi: kwa Japan mimi naangalia bendi 1, 3 na 8, na bendi 19 ikiwepo ni heri, maana Docomo, kampuni ya simu ya kule, inaitegemea ukitoka mijini. Kioo kikubwa na kamera tano hainihusu.

Kariakoo nilizunguka nusu siku. Duka la kwanza walinitolea iPhone 14 ya Marekani, bei ya kirafiki kabisa kulinganisha na nyingine. Nikaigeuza kutafuta trei, hamna. Za soko la Marekani kuanzia toleo hilo ni eSIM tupu. Ni simu nzuri, lakini laini yangu ya kadi ningeiweka wapi? Duka la pili simu ilikuwa imefungwa kwenye mtandao wa nje, kijana ananiambia, "Inafunguka hiyo, boss, niachie mpaka jioni." Nikamshukuru, nikaondoka.

La tatu ndipo nikachukua Samsung Galaxy A54 iliyotumika, 550,000 baada ya kupatana. Kabla sijatoa hela nilibonyeza *#06#. Zikatokea IMEI mbili, namba za utambulisho wa simu, moja kwa kila laini, na chini yake namba ndefu ya EID. Hiyo EID ndiyo ya kuangalia: ikiwepo, simu ina eSIM, isipokuwepo, maneno ya muuzaji hayasaidii. Halafu nikatia laini yangu na nikaomba ya muuzaji ya mtandao mwingine, zote zikasoma. Samsung waliahidi masasisho ya usalama ya miaka 5 kwa simu hii ya 2023, kwa hiyo bado ina muda. Betri ni 5000 mAh. Ina gramu 202, kwenye mfuko wa shati utaisikia.

Safari ya pili nililipia eSIM ya Japan nikiwa sebuleni, nikaskani ile QR, nikahakikisha laini ya nyumbani imewashwa rominga kwa meseji na data yake nimeizima. Hapo pa data usipasahau. Ukiiacha wazi, simu inaweza kula salio lako lote kabla hujatoka uwanja wa ndege. Kule nikawasha eSIM, ikashika. Meseji ya benki ikaingia nikiwa natembea kwenye yadi, sikugusa klipu ya mtu. Simu kubwa ilikaa kwenye begi ikivuta hotspot kutoka kwa hii.

Faida ambayo sikuitegemea ni kusoma karatasi za mnada, zile zinazoeleza hali ya kila gari. Nilishusha Kijapani kwenye programu ya tafsiri kabla ya kuondoka, nikawa naielekeza kamera kwenye karatasi, maelezo ya mkaguzi yanasomeka hata pasipo mtandao. Herufi za kwenye mchoro wa gari ndizo unazikariri mwenyewe: A mkwaruzo, U kubonyea, S kutu.

Isichofanya ni kulipia treni. Suica, kadi ya nauli ya kule, ukiitaka kwenye simu inahitaji chipu ya FeliCa ya kulipia kwa kugusa, na simu za Android za soko la nje ya Japan kwa kawaida hazina. Nilichukua kadi ya Welcome Suica uwanja wa ndege, yatosha. Chaja pia bebea adapta, soketi zao ni za pini mbili bapa.

Kitochi nimempa mlinzi wa yadi. Anachaji Jumapili kwa Jumapili, na hapa Dar kinashika vizuri tu.