NVDA kwa sisi wenye umri: programu inafaa, matangazo ya kazi ndiyo yanayotukwamisha

Kama umeshavuka miaka hamsini, macho yamekuishia na bado unatafuta kazi ya biro hapa Lubumbashi, programu ya kwanza kuweka kwenye kompyuta yako ni NVDA, inayokusomea skrini kwa sauti. Mimi nimeandikia CV kwayo, nimetuma maombi kwayo, na kazi ninayolipwa leo naifanya kwayo. Nitayataja na matatizo yake, kwa sababu wazee wenzangu wengi wameambiwa kompyuta si yao tena, nao wakakubali wakakaa nyumbani.

Nilikuwa sekretari. Nilianza na mashine ya kuandikia, halafu kompyuta zikaingia bironi tukafundishwa Word. Glakoma ilinila macho polepole, kutoka pembeni kuja katikati, bila maumivu yoyote. Daktari alinieleza kwamba kilichoharibika hakirudi, dawa inalinda kilichobaki. Mkataba ulipoisha, mwajiri hakuuongeza. (Kama kwenu kuna ndugu mwenye glakoma, nendeni mkapimwe presha ya macho hata kama mnaona vizuri. Ugonjwa huu hufuata damu.)

NVDA ni kisoma-skrini: inakusomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, inakuambia uko wapi, na inakufanya uiendeshe kompyuta kwa kibodi peke yake, bila kipanya. Aliyeianza mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, akaungana na Jamie Teh, na wote wawili hawaoni. Hiyo unaihisi unapoitumia. Ni ya bure kabisa, na sababu yao ilikuwa wazi: wakati ule kisoma-skrini cha kununua kiliweza kupita bei ya kompyuta yenyewe. JAWS, ambayo watu wengi wa maofisini wameizoea, ni nzuri pia, lakini bila leseni inafanya kazi dakika 40 tu, kisha inakulazimu kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Nani ataandika barua ya kuomba kazi kwa dakika 40 huku ndio kwanza anajifunza?

Inaendeshwa na Windows tu. Wenye kompyuta za mtumba zenye Windows 7, na hapa mjini ni nyingi, wachukue toleo la mfululizo wa 2023.3, kuanzia 2024.1 Windows 7 haikubaliwi tena. Unaweza kuiweka hata kwenye flashi, ukaenda nayo kwenye kompyuta ya mtoto wa jirani, ukafanya yako na kuichomoa bila kubadili kitu chochote cha watu. Mimi nilijifunzia hivyo kabla ya kupata mashine yangu.

Sasa kujifunza kwenyewe. Niliketi na kijana mmoja wa mtaani kwetu Kamalondo, mwanafunzi wa mambo ya kompyuta, ambaye naye hakuwahi kumfundisha mtu asiyeona. Siku ya kwanza ile sauti ilimwagika bila kituo, menyu, dirisha, tarehe, vitufe, nikaona kichwa kinajaa. Akaniambia: "Mama, usijilazimishe kushika yote. Akikuchosha, finya Ctrl, atanyamaza." Nikafinya, kimya. Hicho ndicho kitufe cha kumfundisha mzee kabla ya vyote. Mtu akijua kwamba anaweza kuinyamazisha mashine muda wowote, woga unamtoka. Cha pili ni kupunguza mwendo wa sauti. Vijana wasioona husikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii neno. Masikio yetu nayo yana umri. Anza taratibu, utaongeza mwenyewe.

Cha tatu ni kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na namba 1, kilicho juu ya kibodi. Ukikifinya, kila kitufe utakachogusa kinatajwa jina na kazi yake bila kufanya chochote, hivyo huwezi kuharibu kitu. Kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, na vidole vyote viwili vya shahada vinapata nyumba yao kwenye vile vinundu vidogo vya F na J. Aliyewahi kusomea daktilo (kuandika kwa mashine) hapa ana mali ambayo kijana mwenye macho mazima hana: vidole vinajua njia. Nilichobakiwa kujifunza ni kusikiliza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa asiyejua kuandika bila kutazama ni huu: shughulika na kibodi kwanza, wiki nzima hata mbili, ndipo uingie kwenye intaneti. Wanaoanza na intaneti wanakata tamaa mapema.

Kitufe cha NVDA chenyewe ni Insert, lakini kwenye kompyuta ndogo Insert imefichwa pembeni na kidole cha mzee kinaitafuta. Kwenye dirisha la makaribisho kuna alama ya kuchagua Caps Lock badala yake. Ichague. Iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Kasoro ya kwanza kubwa ni lugha. Kompyuta yangu ina sauti ya Kifaransa ya Windows, Hortense, na kwa Kifaransa anasoma vizuri sana. Mpe Kiswahili uone: kila "u" anaikunja midomo kama Mfaransa, "ch" inakuwa "sh", na sentensi nzima inapotea. Ndani ya NVDA kuna sauti nyingine, eSpeak, yenye Kiswahili chake. Ni kavu, haina roho ya mtu, lakini silabi inazitamka inavyopaswa, na baada ya muda sikio linaizoea. Kilichonisaidia ni kutengeneza seti mbili za mipangilio (NVDA, Ctrl na P), moja ya Kifaransa na Hortense, moja ya Kiswahili na eSpeak, kila moja na vitufe vyake vya kuiita. Sisi huku tunaandika barua kwa Kifaransa na kuzungumza kwa Kiswahili ndani ya saa hiyohiyo, kwa hiyo bila mpangilio huu usingetumia programu hii kwa raha.

Kutafuta kazi ndiko kulikonichosha, na hapo NVDA haina kosa. Kwenye ukurasa wa matangazo uliotengenezwa vizuri ninaruka kwa H kutoka kichwa hadi kichwa, kwa K kutoka kiungo hadi kiungo, na NVDA pamoja na F7 inanipa orodha ya viungo vyote. Nafika kwenye tangazo haraka kuliko mtu anayetembeza macho. Lakini matangazo mengi ya mjini yanazunguka WhatsApp yakiwa picha: mtu amepiga picha karatasi ya ukutani, au PDF imetoka kwenye skana. Kisoma-skrini kinafika pale kinasema kuna picha, basi.

Dawa yake ni NVDA na R. Programu inaitazama picha, inatambua herufi, inakuletea maandishi uyasome mstari kwa mstari. Kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyenieleza. Picha ikiwa ndogo kwenye skrini, matokeo ni makorokoro; ikuze kwanza mpaka ijae, ndipo uite R. Pili, lugha ya utambuzi iwe Kifaransa, na Windows iwe imeshawekewa Kifaransa, la sivyo herufi zenye alama zinaharibika. Ukimaliza, Escape inakurudisha.

Fomu za maombi ni habari nyingine. Niliwahi kujaza ya kampuni moja ambayo kila kitufe kilisomwa "bouton", "bouton", "bouton", yaani "kitufe" kwa Kifaransa, bila jina. Mwishoni wakataka nichague picha zenye taa za barabarani ili kuthibitisha kwamba mimi ni mtu. Niliwaandikia barua pepe nikaambatanisha CV na kueleza kwa nini fomu yao inanifungia mlango. Hawakujibu. Naomba wanaotengeneza kurasa hizi hapa Congo wasikie: kukipa kitufe jina ni kazi ya dakika moja. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 49, inawataja mtu mzee na mtu mwenye ulemavu pamoja, na kusema wote wana haki ya ulinzi maalum. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja na sheria ya kuwalinda na kuwaendeleza watu wanaoishi na ulemavu. Mimi ni hao wote wawili, na fomu ile haikunijua hata kwa mmoja.

Kuhusu CV, NVDA na F inakutajia aina ya herufi, ukubwa wake na mpangilio wa aya, kwa hiyo unaweza kuusafisha ukurasa mwenyewe. Hata hivyo mpe mwenye macho autazame mara moja kabla ya kutuma. Na je, useme kwamba huoni? Wengine wanashauri kuficha mpaka siku ya mahojiano. Mimi nasema andika, lakini mwisho wa barua, kwa sentensi moja inayoeleza namna unavyofanya kazi: "Natumia kisoma-skrini na nakuja na kompyuta yangu." Mwajiri anaogopa asichokijua, mpe jibu kabla hajajitungia la kwake.

Kazi niliyoipata haikutoka kwenye tangazo. Wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu wanarekodi mahojiano kwa Kiswahili, na saa nyingi za sauti zinahitaji kuandikwa. Nalipwa kwa saa ya sauti. Sauti inachezwa na VLC, niliyoiwekea vitufe vinavyoitii hata nikiwa ndani ya Word, hivyo nasimamisha na kurudisha nyuma bila kutoka kwenye ukurasa. Kutajiwa kila herufi ninayoandika nimekuzima kwa NVDA na 2, kutajiwa neno zima nimekuacha kwa NVDA na 3. Na NVDA ikizoea kuishusha sauti ya mahojiano kila inaposema, NVDA, Shift na D inaikomesha. Mpangilio huo unapatikana ikiwa umeisakinisha kwenye kompyuta, kwenye flashi haupo. SNEL wakikata umeme naendelea: nimepunguza mwanga wa skrini hadi mwisho, betri inadumu zaidi.

Wasioona kabisa na wanaoona kidogo si sawa, na wengi wa rika langu ni wa kundi la pili. Hao wajaribu kwanza kikuzaji cha Windows, kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Kimo ndani ya kompyuta tayari. NVDA nayo, kwenye mipangilio ya kuona, ina fremu ya rangi inayozunguka mahali ulipo, ili jicho lisipotee. Tumia vyote viwili, jicho kwa mambo mafupi na sikio kwa kurasa ndefu, hasa jioni macho yakianza kuuma.