Kozi ya kanzidata na ramani, Wandegeya: nilikwenda na pampu za Kasese

Natunza orodha ya pampu za maji wilayani Kasese, Uganda. Ilikuwa faili moja la Excel lenye safu 41, na jina la mji wa Mpondwe humo limeandikwa kwa namna tano. Februari nililipa shilingi 450,000, nikapanda basi kwenda Kampala kusoma siku kumi.

Siku tatu za mwanzo hatukugusa kompyuta. Wenzangu walinung'unika, lakini mimi nasema hela yangu ilirudi hapo hapo. Mwalimu alitugawia karatasi, akaniuliza: "Pampu ikitengenezwa mara nne, utaandika wapi?" Mimi nilikuwa naongeza safu tu: fundi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanichoresha majedwali matatu, la vijiji, la pampu na la matengenezo. Kila pampu ina namba yake isiyobadilika, na jedwali la matengenezo linabeba namba hiyo. Mpondwe inaandikwa mara moja, basi. Msingi wa mpangilio huu aliuweka Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na PostgreSQL tuliyotumia, programu ya kanzidata, yaani ya kuhifadhi data katika majedwali, bado inaufuata.

Kisha ramani. Niliingiza data yangu kwenye PostGIS, nyongeza ya PostgreSQL ya kuhifadhi data ya mahali, nikaifungua kwa QGIS, programu ya kuchora ramani; zote mbili ni za bure. Pampu za Bwera zikatokea Kenya, karibu na Eldama Ravine! Mwalimu alikaa nami saa nzima, wala hakuchoka. Vipimo vyetu ni vya UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa namba, unaoigawa dunia katika kanda za digrii sita sita. Longitudo ya digrii 30 mashariki, mpaka wa kanda ya 35 na ya 36, inaikata wilaya yetu, na ikweta nayo inapita humo humo. Kwa hiyo Kasese mjini ni 36 kaskazini, Bwera ni 35 kaskazini, Katwe ni 35 kusini. Wapimaji wetu waliandika namba bila kanda, nami nikazisoma zote kama 36 kaskazini. Digrii sita hapa kwetu ni kama kilomita 667. Sasa kanda ina safu yake, na pampu haiingizwi bila kuitaja.

Kasoro ipo. Somo la umbali lilipitishwa mbio. Nilipima umbali kati ya pampu mbili nikapata 0.004, na msaidizi akasema ni sawa. Zile ni digrii, yaani mita 445 hivi. Ukitaka mita, geuza kwanza data iwe ya aina ya jiografia ("geography" katika PostGIS). Hilo nililigundua mwenyewe usiku. Faharasa za data ya ramani, zinazoharakisha utafutaji, nazo zilipewa dakika ishirini za siku ya mwisho, wakati watu wameshafunga mikoba.

Ukienda, beba data yako. Waliokuja mikono mitupu walipewa data ya mfano, safi kabisa, na sikuwasikia wakiuliza swali.