Siku tatu Tana River: kutoka msitu wa mbega hadi Kipini

Basi la Lamu likifika Minjila, abiria hushuka kununua maji na maembe, wakarudi vitini, na safari ikaendelea. Mto wenyewe unauona dakika moja tu, gari linapovuka daraja. Nimepita hapo zaidi ya mara kumi bila kukanyaga ukingo wake. Februari hii nilishuka, nikiwa na mpwa wangu wa miaka 11, mtoto ambaye ukimpa kitabu chochote hufungua kwanza ukurasa wenye mnyama. Tulikaa siku tatu katika kaunti ya Tana River, na nataka kueleza tulichokipata, kizuri na kibaya, kwa sababu naamini watu wengi wa pwani wangeipenda safari hii.

Nianze na kibaya. Gari tulilikodi Malindi. Tulikubaliana gari la kupita mchangani, na asubuhi likaletwa gari dogo la mjini, dereva akaapa kwamba litafika. Mpaka Garsen na kuendelea barabara ya Hola, lami haikuwa na shida. Tulipoiacha lami kuelekea mtoni, magurudumu yakazama kwenye mchanga kabla ya kilomita ya pili. Vijana waliokuwa wakitoka shambani walitusukuma mara mbili, mara ya tatu tukaona bora tutembee. Saa sita mchana, jua la Februari, mtoto amebeba begi lake kichwani. Mwenye gari hakurudisha hata shilingi. Ukikodi gari, lione kwa macho yako siku moja kabla, na usimlipe mtu kwa ahadi.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kipokomo aliyezaliwa kando ya mto huo. Tulimpata kupitia mwalimu ninayefahamiana naye, na kwa maoni yangu yeye ndiye safari yenyewe. Hifadhi ya Mbega ya Mto Tana ilitengwa mwaka 1976, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 169, na ndani yake wamo nyani wa aina mbili wasiopatikana popote pengine duniani ila kwenye misitu ya mto huu: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili wako hatarini kutoweka kabisa. Hayo unaweza kuyasoma ukiwa nyumbani. Usichoweza kukisoma ni namna ya kuwaona. Mzee alituketisha chini ya mkuyu mkubwa, akatuambia tusizungumze, tusinyooshe vidole, tusubiri. Tulisubiri nusu saa nzima. Nilikuwa nimeanza kumhurumia mtoto, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ametulia kuliko mimi.

Kwanza yalianguka majani. Kisha matawi ya juu yakayumba na mbega wakatokea mmoja mmoja, mgongo wa kijivu, utosi wa rangi ya kutu, wakichuma majani machanga na kuyatia mdomoni. Mmoja alishuka hadi tawi lililokuwa juu yetu kidogo tu. Mpwa wangu alikuwa na darubini, aliishusha polepole, akaninong'oneza, "Mjomba, hana kidole gumba." Nikaichukua nikatazama. Kweli, vidole vinne virefu vimelishika tawi kama ndoano, na mahali pa gumba pana kinundu tu. Mzee akatabasamu, akasema wageni wengi huondoka bila kuliona hilo.

Mangabei tuliwakuta chini, wakipekua majani makavu na kuokota kindu zilizodondoka kutoka kwenye mikindu. Wana shungi la nywele utosini, na kope zao ni nyeupe. Dume alitukazia macho, akainua nyusi, zile kope zikang'aa ghafla kwenye uso mweusi. Mzee akatuambia tutazame chini na turudi nyuma hatua mbili. Tukafanya hivyo, naye akaendelea na kindu zake.

Kitu kingine kilichonishangaza ni wembamba wa msitu wenyewe. Uko kandokando ya maji tu. Ukitembea kidogo kuupa mto kisogo, miti mikubwa inakwisha na unajikuta kwenye miiba na vumbi. Mzee alitueleza sababu: miti hii inakunywa maji ya mto yanayopita chini ya ardhi, na mafuriko ndiyo yanayoleta udongo mpya. Mto ukihama, na Tana huhama, msitu ulioachwa nyuma hukauka. Yeye anasema mafuriko ya siku hizi si yale ya ujana wake. Baada ya bwawa la Masinga kukamilika mwaka 1981, huko juu, maji hayaji tena kwa mpango ambao wazee waliujua na kupandia mpunga wao. Sasa hukawia miaka, halafu hushuka yote kwa pamoja kama mwishoni mwa 2023, maelfu ya watu wakahama makwao. Mpwa wangu aliuliza, msitu ukikauka mbega wataenda wapi? Mzee hakumjibu. Alimshika bega, wakaendelea kutembea.

Jioni tulipanda mtumbwi wa gogo moja, mzee nyuma na upondo, mwanawe mbele na kafi. Maji ya Tana ni mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea majani, na wakati wa kiangazi hupungua hadi mafungu ya mchanga yanatokea katikati. Hapo ndipo mamba huota jua. Tulihesabu saba kwa saa moja. Viboko walikuwa kwenye kona yenye kina, masikio tu na macho, na mzee alishikilia upande wa maji mafupi muda wote huku akigonga ubavu wa mtumbwi taratibu, ili wajue tulipo. Kiboko anayeshtushwa, alisema, ndiye anayeua. Sijawahi kumwona mtu anayeusoma mto namna ile.

Lakini nilipouliza majaketi ya kuokolea maisha kabla ya kupanda, yalikuwapo mawili, na moja kifungo chake kimekatika. Tulilifunga kwa kamba kifuani mwa mtoto. Wenyeji huvuka mto huu kila siku bila jaketi, wakiwemo wanafunzi, na hilo si kosa la mzee. Kipato chake hakitoshi. Hata hivyo ukija na mtoto usipande bila jaketi zima. Nunua mjini uje nalo.

Tulilala hemani uani kwa mzee. Mama wa nyumba alitupikia kambare wa nazi na wali, akatukatia maembe mwishoni, na sijala embe tamu kama lile kwa muda mrefu. Maembe ya Tana yanafika hadi masoko ya Mombasa, lakini lile lilichumwa jioni ileile. Baadaye alikuwa akimbembeleza mjukuu wake kwa kuvumisha wimbo, na mpwa wangu akainua kichwa: anaujua. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitungwa juu ya mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Nilikuwa nimelisoma hilo shuleni, ila kulisikia usiku, karibu na jiko la kuni, mtoto akisinzia mgongoni mwa bibi yake, kulinigusa sana. Mpwa wangu alisimama wima, mikono ubavuni, kama asubuhi za shule. Mama alimwita, akampa kipande kingine cha embe.

Usiku wa pili tulilala gesti mjini Garsen. Feni haikufanya kazi, chandarua kilikuwa na tundu, na kifungua kinywa tulichokwisha kulipia hakikuwapo. Beba chandarua chako. Mbu wa bonde hili si wa kuchezea.

Siku ya tatu tulikwenda Kipini kupitia Witu. Hapo Tana inaingia Bahari ya Hindi, na ukisimama kwenye boti unaona mstari, upande huu maji mekundu, upande ule kijani. Nahodha alituingiza kwenye mikoko kwa saa mbili. Tuliona furukombe akiinua samaki, yangeyange wamejaa mti mzima, na kiboko mmoja mbali kidogo. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba zamani mto uliokuja kutokea Kipini uliitwa Ozi, na Tana ilikuwa na mdomo wake mwingine upande wa kusini. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, maji ya Tana yakaupenda ule mfereji, yakahamia huku. Mpwa wangu alimuuliza nani alibeba udongo wote ule, na nahodha akamwambia hilo ndilo swali ambalo watu hawaulizi. Ufuo wa Kipini ni mrefu na ni mtupu. Hakuna viti, hakuna anayekuuzia bangili. Kuogelea karibu na mdomo wa mto sikuthubutu, kwa sababu ya mamba.

Gharama: kwa mzee, msitu na mtumbwi, nililipa shilingi 4,000 kwa watu wawili, boti la Kipini 5,000. Mzee alitaka 3,000, nikaongeza mwenyewe. Tafadhali usipunguze bei ya watu hawa. Nenda Januari hadi Machi, au Julai hadi Septemba. Mvua za masika zikianza, njia ya mtoni haipitiki.

Tunarudi Agosti, tukijaliwa. Mzee amekubali kutupeleka upande wa pili wa mto, kwenye kundi la mbega ambalo watoto wake huzaliwa msimu huo wa kindu, kwa maneno yake. Majaketi nimeshanunua manne: mawili yetu, moja la mzee na moja la mwanawe.