Redio ya setilaiti kwenye lori: fundi ameniudhi, na soko lenyewe linaudhi zaidi

Antena ya redio ya setilaiti, yaani redio ya kulipia ya SiriusXM inayopokea matangazo kutoka angani, inataka mambo mawili: ilione anga, na ikalie chuma. Fundi wa duka moja la vifaa vya malori huku Marekani aliniharibia yote mawili, akanitoza pesa kamili. Nilipomrudia alinijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake kwamba redio hizi ndivyo zilivyo, ninunue bando kubwa la intaneti niache kumsumbua. Sitalisahau jibu hilo. Nawaandikia madereva wenzangu wa safari ndefu, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine tulio wengi kwenye barabara hizi, msije mkaambiwa hivyo mkakubali.

Alichofanya ni hiki. Paa la kichwa cha lori langu ni la faiba, na sumaku ya antena haishiki faiba. Badala ya kuifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni kwa kishikio chake, ambacho ni kitu cha kawaida kwa malori, aliibandika kwa gundi nyuma ya kikinga upepo. Hapo haina chuma chini yake, na nusu ya anga imezibwa. Waya akaupitisha kwenye bawaba za mlango. Kila mlango ukifungwa waya unabanwa, mpaka ganda likapasuka na shaba ikaonekana.

Redio yenyewe ilikuwa ikieleza tatizo, ni yeye tu hakutaka kusoma. Ikiandika kwamba inatafuta mawimbi, antena iko salama ila haioni anga. Ikiandika kwamba uikague antena, waya umekatika, umegusana, au plagi ile ndogo nyuma ya redio haijaingia hadi ikalia. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Na kuna kipimo rahisi zaidi: matangazo hurushwa mara mbili, nakala moja ikichelewa sekunde kama 4, ili ukipita chini ya daraja redio ichukue ile nyingine. Kwa hiyo ukiwa mwendoni na sauti inakatika kila daraja la barabara kuu, usilaumu setilaiti. Laumu aliyefunga antena.

Ukinunua redio iliyotumika, nenda chaneli 0 usome namba ya utambulisho kabla hujatoa senti. SiriusXM imetokana na kampuni mbili zilizoungana, Sirius na XM, na redio za upande wa XM zina namba ya tarakimu na herufi 8, na herufi I, O, S na F hazimo, hivyo unachodhani ni O ni sifuri. Ukishalipia huduma, paki uwanja wazi, kusini kuwe wazi zaidi, maana setilaiti za XM ziko juu ya ikweta. Iache redio ikiwaka mpaka chaneli zifunguke. Ukiwasha ndani ya gereji utangoja bure.

Nilitaka kuandika kwamba huduma hii haifai. Siwezi. Antena ikikaa sawa, unavuka Wyoming au Nevada sehemu ambazo simu haishiki kabisa na mtangazaji hakati neno. Hapo bando la yule fundi halina kazi.

Lakini jibu lake lina historia, na ndiyo inayonichemsha zaidi. Mwaka 1997 serikali ya Marekani ilipiga mnada masafa ya redio hizi kwa kampuni mbili, kila moja ikalipa zaidi ya dola milioni 80, kwa sharti kwamba mmoja asimiliki leseni zote mbili. XM ilianza kurusha 2001, Sirius 2002. Zikashindana mpaka zikakaribia kufilisika: Sirius peke yake ilimwahidi mtangazaji maarufu Howard Stern mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano. Zilipoomba kuungana, hoja yao ilikuwa kwamba washindani wao halisi ni intaneti, simu na redio za kawaida. Tume ya mawasiliano, FCC, ikakubali Julai 2008 kwa kura 3 dhidi ya 2, bei zikazuiwa kupanda kwa miaka mitatu tu. Miezi michache baadaye kampuni ya Liberty Media ikalazimika kuiokoa SiriusXM kwa mkopo wa dola milioni 530.

Hoja ile ni kweli mjini. Mjini mtu ana Spotify na podikasti zake, na ndiyo maana wanaolipia setilaiti, takriban milioni 33, wamekuwa wakipungua polepole huku deni likikaribia dola bilioni 10. Jangwani hoja hiyo haisimami. Kule kuna muuzaji mmoja tu, na muuzaji mmoja hana haraka ya kukubembeleza. Juu ya bei inayotangazwa kuna ada ya muziki inayopita moja ya tano ya bei hiyo. Novemba 2024 mahakama ya New York iliamua kwamba namna SiriusXM ilivyowazungusha wateja waliotaka kuacha huduma ilivunja sheria ya nchi nzima. Kampuni yenye mshindani wa kweli isingethubutu.

Wanaosema setilaiti itakufa kesho nao wanakosea. Afrika tuliiona ikifa: kampuni ya redio ya setilaiti ya WorldSpace, ya Noah Samara, ilirusha setilaiti yake ya AfriStar mwaka 1998, ikaomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2008. Ila vipokezi vyake vilikuwa ghali na havikuingia kwenye magari. Hii ya Marekani inatoka kiwandani ndani ya dashibodi, na mfumo wao mpya wa 360L unachanganya setilaiti na intaneti. Itadumu muda mrefu. Itadumu bila adabu, lakini itadumu.

Kwa hiyo: dereva wa mjini, usinunue. Wa safari ndefu, nunua, ila usikubali bei ya kwanza. Piga simu kipindi cha ofa kikikaribia kuisha useme unaacha, utaona bei inavyoshuka. Kishikio cha kioo na waya mpya nunua mwenyewe, upitishe waya palipo na mpira wa mlango upande usio na bawaba, uache ulegee kidogo. Duka lile bado sijarudishiwa pesa yangu, na nitaendelea kuidai.