Darasa la ala za muziki Mji wa Kale: muda mmoja kwa ala zisizolingana ugumu

Katika nyumba ya ghorofa iliyoko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna darasa la jioni linalofundisha udi, fidla, gita, kinanda, akodiani, nai na ngoma za taarabu, na mimi na wanangu wawili tumekuwa wanafunzi wake tangu mwaka jana. Nalisifu kwa jambo moja ambalo sijaliona kwengine mjini, nalo ni kwamba mwanafunzi mpya hupewa wiki nne za mwanzo azizungukie ala zote kabla ya kuchagua yake. Nalilaumu kwa jambo jengine lenye uzito uleule: ala zote hizo, nyepesi na ngumu, zimewekewa muda mmoja wa miezi mitatu, na mwisho wake hutolewa cheti cha namna moja. Miezi mitatu ya kinanda na miezi mitatu ya nai ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na anayelipa ada anastahili kuambiwa hivyo siku ya kujiandikisha.

Mzunguko wa wiki nne una faida kwa sababu ugumu wa ala haukai mahali pamoja. Ziko ala zinazomkatalia mwanafunzi tangu mlangoni, asipate hata sauti moja, na zikishamkubali huenda naye vizuri; na ziko zinazompa wimbo mzima siku ya kwanza, kisha zikamsumbua mwaka wa pili. Mzazi anayemnunulia mtoto ala kwa kutazama bei, au kwa sababu ameiona kwenye harusi, hana njia ya kulijua hilo. Binti yangu alikwenda akiwa na nia ya akodiani. Alipoivaa mabegani aligundua kwamba mkono wa kulia hupiga vibonye, na wa kushoto hupapasa vitufe asivyoviona, ambavyo katika akodiani kubwa hufikia 120, huku mkono huohuo wa kushoto ukivuta na kusukuma mvukuto bila kupumzika. Mwalimu hakumshawishi abaki wala hakumkatisha tamaa. Alimwambia tu kwamba mwili wake bado mdogo kwa uzito ule, naye akahamia kinanda bila ya sisi kupoteza shilingi.

Kinanda ndicho chepesi zaidi kukianza. Kila kibonye kimekwisha kupewa sauti yake, kwa hivyo mtoto akibonyeza mahali sahihi hupata sauti sahihi, na ndani ya masomo machache huweza kupiga kasida anayoijua. Ugumu wake huja pale mkono wa kushoto unapotakiwa ufanye kazi yake na wa kulia yake, na hapo wengi huganda kwa miezi. Kwa anayetaka taarabu kuna kikwazo zaidi: baadhi ya nyimbo hufuata maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti, kama rast na bayati, zenye robo sauti, yaani sauti inayokaa katikati ya vibonye viwili vinavyofuatana, na kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo. Viko vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu ambavyo vina vitufe vya kuishushia sauti mahali pake, lakini darasa linacho kimoja tu cha aina hiyo, na wanafunzi hukisubiri kwa zamu.

Natamani pia wangekuwa na tashkota. Ala hii ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, ina vibonye vyenye nambari vinavyokandamiza nyuzi huku mkono wa kulia ukipiga kwa risha, yaani kipande chembamba cha kugusia nyuzi, na taarabu ya Mombasa iliipokea hata mlio wake ukawa miongoni mwa alama za kundi la mwimbaji Zuhura Swaleh. Kwa kuwa mwanafunzi huweza kuufuata wimbo kwa nambari, hakuna ala ya nyuzi iliyo rahisi zaidi kuianza. Darasa la taarabu lililoko Mombasa kukosa tashkota ni pengo, na nimewaeleza hivyo.

Gita halina haja ya maneno mengi. Freti, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni, humwonyesha mwanafunzi pa kukandamiza, maumivu ya ncha za vidole huisha baada ya wiki kadhaa ngozi ikishakomaa, na kodi tatu, yaani mikusanyo ya sauti zinazopigwa pamoja, humtosha mtu kuongoza nyimbo nyingi. Wanaoacha huacha pale wanapotakiwa kukandamiza nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, na mwalimu wa gita wa hapa hulitanguliza zoezi hilo kwenye nyuzi mbili, kisha tatu, mpaka mkono upate nguvu. Ni ufundishaji mzuri.

Mimi niliufuata udi, na juu yake nina mengi ya kusema. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake, na shingo yake fupi haina freti hata moja. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imekwisha kuharibika, na hakuna alama ya kukuonya isipokuwa sikio lako. Tumbo lake la mviringo huteleza mapajani, hivyo anayeanza huushika kwa mkono wa kushoto usianguke, na mkono ulioshika hauwezi kutembea. Maalim wetu, mzee mwenye subira kubwa, hakuturuhusu kugusa shingo kabisa mwanzoni. Tulipiga nyuzi tupu kwa risha, juu na chini, mpaka kifundo cha mkono kikalegea na udi ukatulia mapajani wenyewe. Wapo waliochoshwa na zoezi hilo wakaondoka, na naona walifanya haraka, kwa sababu uzuri wa udi umo katika risha kuliko wengi wanavyodhani. Waliomsikia marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016, wanakumbuka namna uzi mmoja ulivyoweza kunong'ona na kulia katika mkono wake, na hilo halikutoka katika wingi wa vidole.

Fidla ina ugumu huohuo wa shingo isiyo na freti, kisha juu yake ukaongezwa upinde. Katika udi, ukikosea kidole, angalau mlio wenyewe ni mzuri. Katika fidla mlio pia hutengenezwa na mwanafunzi, kwa uzito wa mkono, mwendo wa upinde na mahali unapopita kati ya shingo na daraja la nyuzi, na moja ya hayo likipotoka husikika mkwaruzo. Mwanangu alikwaruza kwa wiki nyingi, na sisi nyumbani tulistahimili. Mzazi asiyejua kwamba hali hiyo ni ya kawaida humtoa mtoto mapema, akidhani hana kipaji.

Hata hivyo, watoto wa hapa kwetu wana msaada ambao vitabu vya masomo ya fidla kutoka Ulaya haviuhesabu. Mtoto aliyelelewa akisikia adhana na aliyesoma kasida na maulidi madrasani amekwisha kuzizoea sauti za rast na bayati kabla hajashika ala yoyote. Kwake robo sauti haina ugeni, ni sauti anayoijua kwa koo na hajaijua kwa kidole. Mwalimu wa fidla hulitumia jambo hilo vizuri sana. Mwanangu alipokuwa akihangaika kutafuta sauti moja, alimwambia, "Sikiza, mwanangu. Isome kwanza kwa mdomo kama unavyosoma kasida, kidole kitaifuata." Kidole kiliifuata, si siku hiyo, lakini kiliifuata. Kwa sababu hiyo sikubaliani na orodha zinazozipanga ala kwa ugumu kana kwamba wanafunzi wote wana masikio yaliyolelewa pamoja.

Nai ndiyo ngumu kuliko zote zinazofundishwa hapo. Ni bua la tete lililo wazi pande zote mbili, lina matundu sita mbele na moja nyuma, na halina kipande cha kuweka mdomoni. Mwanafunzi huliinamisha bua, akapuliza ukingoni mwake, na sauti huja pale tu pembe ya bua, umbo la midomo na nguvu ya pumzi vinapokutana. Wengi hutoka somo la kwanza wakiwa na kizunguzungu na pumzi tupu. Mwalimu wa nai huwaanzisha wanaoshindwa kwa chivoti, filimbi ya mwanzi ya Wadigo inayopulizwa kwa ubavu, ambayo hutoa sauti kwa urahisi zaidi, na midomo ikishajua kazi yake huwarudisha kwenye nai. Sijui kama mbinu hii ni yake, lakini nimeona watu wawili waliokwisha kukata tamaa wakifaulu kwayo.

Kwenye ngoma mambo ni kinyume. Katika dumbak, "dum" ya katikati na "tak" ya ukingoni hupatikana ndani ya somo moja, na ndiyo maana watu huidharau. Kuyashika mapigo ya chakacha kwa wimbo mzima bila kukimbia wala kulegea, huku mwimbaji akivuta maneno anavyopenda, ni kazi ya miaka, na kundi zima huharibika anapoteleza mpigaji mmoja wa ngoma.

Liko pia suala la hewa ya Mombasa, ambalo darasa hili hulifundisha vyema. Unyevu huivimbisha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vikakwama au vikateleza, nyuzi za chuma hushika kutu kwa jasho na upepo wa bahari, na ngozi ya ngoma hulegea wakati wa masika. Kila somo huanza kwa kuzikaza nyuzi na huisha kwa kuzifuta kwa kitambaa kikavu. Hata hivyo ala zenyewe za darasa ni za wastani. Fidla walizonazo ni za ukubwa kamili na za nusu tu, na mtoto aliye kati ya vipimo hivyo, anayehitaji ya robo tatu, hulazimika kununua yake.

Sasa nirudi kwenye cheti. Baada ya miezi mitatu binti yangu alikuwa anapiga nyimbo kadhaa za kinanda kwa mikono miwili, naye kaka yake alikuwa anapiga kasida moja ya fidla polepole, na wote wawili wakakabidhiwa karatasi zenye maneno yaleyale kwamba wamehitimu. Binti alifurahi. Mvulana aliisoma yake akaniuliza amehitimu nini, na sikuwa na jibu la kumpa. Bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ABRSM, ambayo mitihani yake hufanywa hapa Kenya pia, ina madaraja manane, na mwanafunzi huingia daraja anapokuwa tayari, kwa ala yoyote inayotahiniwa. Darasa letu lingeweza kufanya jambo la namna hiyo kwa kipimo chake: miezi mitatu iwatoshe wa kinanda na wa mwanzo wa ngoma, gita lipewe miezi sita, udi na fidla visipungue mwaka, na nai isiwekewe tarehe kabisa bali mwalimu mwenyewe aamue. Nimewapa rai hii kwa maandishi. Wamenijibu kwa heshima kwamba wanafunzi wengi hujiunga kwa sababu ya cheti, na mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kukifanya kiwe na maana.

Ada ni shilingi 6,000 kwa mwezi kwa masomo mawili kila wiki, pamoja na matumizi ya ala za darasani, na kwa walimu wa kiwango hiki ni bei ya haki. Masomo huanza baada ya alasiri, husimama kwa Magharibi, na mwezi wa Ramadhani darasa hufungwa. Akina mama na wasichana wana jioni yao. Vyumba ni vitatu na kuta zake hazizuii sauti, hivyo anayejifunza kuisikiliza fidla yake hushindana na ngoma za chumba cha pili. Ngoma hazifundishwi Jumatano, kwa hivyo atakayechagua fidla, udi au nai aombe apangiwe siku hiyo, na wa nai aandikishe jina mapema, kwa kuwa mwalimu ni mmoja na hupokea wanafunzi wachache kwa wakati mmoja.